Tangi linafurika Januari, Agosti tunanunua maji: jibu

Pole dada. Nimekuelewa: uko Dodoma, paa lako la bati ni mita za mraba 60, tangi la lita 1,000 linafurika Januari, na Agosti mnanunua maji kwa madumu.

Anza na hesabu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Dodoma hupata takriban milimita 550 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Hata ukitoa moja ya tano inayopotea, paa hilo linakupa kama lita 26,000. Mvua unayo, huna pa kuiweka.

Ongeza tangi la lita 5,000 kwanza. Kuanzia Mei hadi Novemba hiyo ni kama lita 23 kwa siku, za kunywa na kupikia tu. Maji mliyokwisha kufulia yatumieni kumwagia chooni. Tangi hilo likijaa lina tani tano, kwa hiyo msingi wa zege ajenge fundi anayejua kazi, usipange matofali mwenyewe. Ukichagua tangi la chini ya ardhi, likae mbali na choo, na mfuniko ufungwe kufuli, hasa kama kuna watoto.

Mvua za kwanza huosha vumbi na kinyesi cha ndege. Chomoa bomba linaloingia tangini, maji yamwagike nje mpaka yatoke meupe, ndipo ulirudishe. Mdomo wa tangi ufunge wavu wa mbu. Ya kunywa chemsha, hata yakionekana safi.