Zeta Tau Alpha na saratani ya matiti, nilikuwemo nawaambia nilichokiona

Dada uliyeuliza kama binti yako ajiunge na sororiti (vile vyama vya wasichana wa chuo) huko chuoni Marekani, na kama hizo kazi za saratani ya matiti wanazofanya ni za kweli au picha za Instagram tu, ngoja nikujibu maana mimi nilikuwa Zeta Tau Alpha nikisoma huko.

Zeta ni ya zamani, ilianzia Farmville, Virginia mwaka 1898, ila saratani ya matiti wameifanya kazi yao kuu tangu 1992, wanaiita Think Pink. Oktoba ikifika hakuna kupumzika aisee, mnagawa riboni za pinki, mnachangisha hela, mnaweka meza nje ya kantini. Waliotutangulia walikuwa mpaka wanakusanya vifuniko vya mtindi wa Yoplait, kila kifuniko kikirudishwa kampuni inatoa senti 10 kwa Susan G. Komen, shirika la huko la saratani ya matiti.

Sasa mimi kilichonigusa sio riboni, ni kadi ya kutundika bafuni tuliyokuwa tunagawa nayo, imeandikwa dalili: uvimbe kwenye titi au kwapani, chuchu kuingia ndani au kutoa majimaji, ngozi kuwa kama ganda la chungwa. Mtu anaisoma palepale mezani anaanza kuuliza maswali, na wanaume nao tunawaambia inawapata japo ni wachache sana. Hapo ndo unaona kazi imefanyika, riboni peke yake mtu anaivaa jioni anaitupa.

Halafu wamarekani weusi, wanawake wao wanakufa na hii kitu kwa kama asilimia 40 zaidi ya weupe wakati hata kuugua hawawazidi, na meza yetu ilikuwa inakaa chuoni tu tunaambiana wenyewe kwa wenyewe. Tukalisema kwenye kikao, tawi likakubali tuipeleke kwenye kanisa lao pale mjini, kina mama wakakaa na sisi mpaka tukachelewa kufungasha, wengi walitaka kujua mamogramu, ile eksirei ya matiti, inaanza miaka mingapi (sasa hivi kule wanashauri miaka 40 hadi 74, kila baada ya miaka miwili, na kama kwenu kuna historia ya ugonjwa unamuona daktari mapema zaidi).

Ile kadi nimeiweka kwa Kiswahili naigawa kwenye kikoba cha mama na kwenye kitchen party, maana hapa kwetu wengi wanafika Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, ugonjwa ushasambaa, na inauma sana kwa sababu ikiwahiwa inatibika.

Kwa hiyo ajiunge kama ada mnaimudu, sio ndogo. Ila kabla hajasaini awaulize hilo tawi hela za Oktoba zinaenda wapi na wanatoka lini nje ya chuo kuongea na kina mama, wakishindwa kumjibu atafute lingine.