Gemu elfu kumi, na sikumaliza hata moja

Mwaka juzi nilinunua kijiti cha kuchomeka kwenye TV, boksi lake likijigamba kuwa ndani mna gemu elfu kumi. Nikasubiri Ijumaa usiku, watoto wamelala, nikajitengea chai ya tangawizi na pedi mbili za kuchezea, ya pili kwa heshima ya zamani tu. Nikafungua gemu ya kwanza, dakika tatu, nikatoka. Ya pili, dakika mbili. Kufika saa saba usiku nilikuwa nimeshafungua kama arobaini, nimechoka kama mtu aliyeshinda kwenye foleni ya benki. Kabla ya Jumatatu kijiti kilikuwa kwenye ile droo ya nyaya ambayo kila nyumba inayo, pamoja na chaja za simu zilizokufa zamani.

Wenzangu kadhaa wa rika hili wameniambia yamewakuta hayo hayo, na wote wanatoa hukumu moja: tumekua, gemu zile hazina ladha tena. Mimi naikataa hukumu hiyo. Gemu ni zile zile, hazijabadilika hata nukta. Kilichopungua ni dhiki.

Nimekulia Magomeni, Dar es Salaam, miaka ya tisini. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, lakini sisi wa bara tulisubiri mpaka 1994 ndipo vituo vya kwanza vikaanza kurusha matangazo. Kabla ya hapo mwenye TV alikuwa nayo kwa ajili ya deki ya video, basi. Ya kwetu ilikuwa ya inchi kumi na nne. Mwaka 1995 mjomba wangu, aliyekuwa akifuata bidhaa Dubai, akaiongezea kazi: alirudi na boksi lenye mashine ya gemu, pedi mbili, bunduki ya plastiki na kaseti moja ya njano. Ilikuwa nakala ya Famicom, mashine ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983, ila hayo ya Nintendo nimeyajua ukubwani. Sisi tuliiita TV gemu, yakaisha.

Sebule ya mama ilikuwa ikijaa watoto wanane, tisa. Sheria ilikuwa moja: ukifa, unatoa pedi. Gemu inakupa roho tatu, na ukiwa mzembe zote tatu zimekwisha hujakaa hata vizuri kwenye mkeka. Unarudi nyuma ya foleni, unatazama wenzako. Na kule kutazama ndiko kulikotufundisha. Nilijua adui wa steji ya tatu anatokea wapi miezi kadhaa kabla mkono wangu haujafika huko. Weka juu yake mgao wa umeme wa miaka ile, weka na mama aliyeamini kwamba gemu inaua TV, weka na chuo cha jioni ambako ustaadhi hakuwa na habari na foleni yetu. Mtoto aliyepata dakika kumi za pedi kwa siku alilala na furaha.

Sasa mchukue mtu huyo huyo umpe gemu elfu kumi, usiku mzima, peke yake, na kitufe cha kurudisha mambo nyuma kila anapokufa. Kwa nini asichoke?

Kwa hiyo mwenye hamu ya kurudi huko, namwambia atafute gemu moja. Mashine iache kwanza, na kijiti cha elfu kumi kiache kabisa. Moja.

Hapo utagundua kwamba hujui jina lake. Kaseti zetu hazikuwa rasmi. Menyu iliandika maelfu ya gemu, ukizihesabu unakuta ni chache tu zinazojirudia kuanzia steji tofauti, nyingine kwa majina ya kubuni. Tukazipa majina yetu wenyewe. Kama ulikuwa ukicheza ile ya vifaru, unamlinda tai aliyezungushiwa ukuta wa matofali, hiyo ni Battle City ya Namco, ya 1985. Ile ya pikipiki ambayo injini inachemka ukikaza mafuta muda mrefu ni Excitebike ya Nintendo. Gari linalokwepa magari mengine huku mafuta yanakwisha ni Road Fighter ya Konami. Jamaa wa sarakasi anayeruka pete za moto juu ya mgongo wa simba ni Circus Charlie. Kijana mnene aliyevaa majani, anayerusha mashoka ya mawe na kupungukiwa nguvu kila anapojikwaa, ni Adventure Island ya Hudson, ya 1986. Kwenye kaseti yetu iliandikwa Islander, na nilipoteza wiki mbili nikiitafuta kwa jina hilo. Yangu mimi, panya polisi anayerukaruka kwenye turubai kuwakwepa paka, nilikuja kuitambua kwa wimbo kabla ya picha. Nilikuwa napika, nimeacha simu inacheza video ndefu ya gemu za Famicom za mwanzo, mara nikasikia kinanda kile. Niliacha vitunguu viungue. Inaitwa Mappy.

Njia rahisi ya kuicheza ni programu ya kuiga mashine, ambayo hata simu ya bei ya chini inaimudu. Tafuta pedi, maana vitufe vya kugusa kwenye kioo ni mateso. Programu yenyewe si kosa, ila kuchukua nakala ya gemu ya watu bila kulipa ni habari nyingine. Nyingi bado zinauzwa kihalali: Konami walitoa mkusanyiko wa Contra, ile ya makomando wawili wenye bunduki, mwaka 2019, na Nintendo wana gemu zao za zamani kwa malipo ya kila mwezi au mwaka kwenye mashine yao ya Switch. Nasema haya huku nikijua fika kwamba kaseti ya njano ya mjomba haikuwa na uhalali wowote.

Ukianza kucheza, huenda ukashtuka kuona gemu inakimbia. Mimi nilishtuka. Wimbo unakwenda mbio, adui wanakuja kabla sijajipanga, nikajisemea ndio uzee huo, macho na vidole vimeachana. Kumbe si uzee, au si uzee peke yake. TV zetu huku zilikuwa za mfumo wa PAL, picha 50 kwa sekunde, wakati Japani na Marekani walitumia 60. Gemu nyingi ziliandikwa kwa ajili ya zile 60, kwa hiyo kwenye mashine iliyotengenezwa kwa PAL zilikwenda polepole, karibu moja ya sita chini ya mwendo wake. Tulikulia kwenye mwendo wa mguu wa kobe tukadhani ndio halisi. Programu nyingi zina mahali pa kuchagua PAL. Niliibadilisha, na Mappy akarudi kuwa yule wangu wa Magomeni. Jambo jingine linalofanana na uzee ni TV ya kisasa, ambayo huchelewesha picha kidogo kwa sababu inaisafisha kwanza. Ingia kwenye mipangilio yake uwashe hali ya gemu, utashangaa vidole vimepona.

Wapo ambao hawataridhika mpaka washike mashine yenyewe. Nawaelewa, nami nilikuwa mmoja wao, na nililipa ada. Niliipata ya mkono wa pili Kariakoo, haina adapta. Nyumbani nikachukua adapta ya kifaa kingine iliyoingia vizuri kwenye tundu, nikawasha, kikatoka kimoshi chembamba na harufu ambayo kila fundi redio anaijua. Kuingia kwenye tundu hakumaanishi kitu. Soma kilichoandikwa chini ya mashine: volti ngapi, na ule mchoro mdogo wa duara wenye alama za kujumlisha na kutoa. Famicom na nakala zake nyingi zinataka alama ya kutoa ikae katikati, wakati adapta nyingi za sasa zina ya kujumlisha katikati. Mimi nilikosea volti na nilikosea alama, vyote kwa mkupuo mmoja.

Kaseti usiipulize. Najua, sote tulipuliza, na ilifanya kazi. Kilichosaidia kilikuwa kuichomoa na kuichomeka upya, pumzi yako ilikuwa ikipeleka unyevu tu kwenye meno ya shaba. Kijiti cha pamba, spiriti safi, acha ikauke.

Kama uliipenda ile ya kupiga bata kwa bunduki, jiandae kutafuta TV ya chogo. Kwenye flati haifanyi kazi, hata ukinunua kifaa cha kubadili waya. Bunduki ile hairushi kitu, inatazama. Ukivuta kifyatulio skrini inakuwa nyeusi kwa kitambo kidogo mno, halafu pale alipo bata panachorwa kisanduku cheupe, na jicho lililo ndani ya mtutu linaangalia kama limeuona mwanga. Mpango wote umepimwa kwa kasi ya TV ya chogo, ambayo inachora picha papo hapo. Watu wanazitupa TV hizi wakidhani ziliisha kazi tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam mwishoni mwa 2012. Matangazo ndiyo yalizimwa. Mashine ya gemu inaleta mawimbi yake yenyewe, haina haja na king'amuzi. Yangu nilipewa bure na fundi aliyekuwa anataka nafasi dukani, sharti lake niibebe mwenyewe. Usiifungue nyuma hata ukiwa umeichomoa, ndani hubaki umeme wa kuweza kukudhuru vibaya. Na jambo ambalo hatukulijua miaka yote ile: kwenye mchezo wa bata mmoja, mwenye pedi ya pili anaweza kumwongoza bata. Wale watoto wote waliokaa foleni wangeweza kuwa bata!

Kwa walio wadogo kwangu, ambao utoto wao ni banda la gemu, mia ya kumlipa mwenye banda na Winning Eleven, ile ya mpira, kazi ni nyepesi. PlayStation 2 iliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani na bado zinapatikana. Angalia lenzi na uwe na memori kadi, imetosha.

Niseme na hili: nyingine zitakuangusha. Circus Charlie niliiota miaka ishirini, nikaicheza dakika kumi, nikaona nimeshaiona yote. Sikuilazimisha. Mappy naicheza mpaka leo.

Turudi kwenye dhiki. Nyumbani kwangu nimeirudisha kwa sheria tatu: hakuna kuhifadhi katikati, hakuna kurudisha nyuma, na ukifa unatoa pedi. TV ya chogo inawashwa Jumamosi baada ya chakula cha mchana na kuzimwa ikilia adhana ya alasiri. Mwanangu wa miaka kumi na moja, bingwa wa gemu za simu, alishika Contra kwa mara ya kwanza akaanguka ndani ya sekunde kumi.

"Baba, imeganda?"

"Haijaganda. Umekufa."

"Kwa risasi moja?"

"Kwa risasi moja."

Alinitazama kana kwamba nimemdhulumu. Akaenda nyuma ya foleni, yaani nyuma ya mdogo wake, akakaa. Jumamosi ya nne alikuwa anajua wapi inaanguka ile herufi S, bunduki ya kutawanya, na alikuwa anamfokea mdogo wake akiikosa. Hakufundishwa na mtu. Alitazama.

Halafu akaja dada yangu. Yeye ndiye aliyekuwa mwenzangu wa Contra kule Magomeni, sasa ana watoto wanaosoma chuo kikuu. Alivua viatu, akaketi mkekani bila kuulizwa, akachukua pedi ya kwanza kama ilivyokuwa haki yake kwa umri, na kabla sijasema kitu vidole vyake vikaanza: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Siri hiyo ya roho thelathini tulifundishwa na kijana wa Kinondoni kwa malipo ya maandazi mawili. Aliyeibuni ni Kazuhisa Hashimoto wa Konami. Alikuwa akiiandaa Gradius ya 1986, gemu ya chombo cha angani, ikamshinda wakati wa kuijaribu, akajitengenezea mlango wa uani. Alifariki mwaka 2020. Mkicheza wawili unaongeza Select kabla ya Start, na dada hakuisahau hata hiyo.

"Dada, hapa tunacheza na roho tatu."

"Hizo sheria zako na wanao. Mimi nimekuja kucheza."

Tukapita msitu, tukapita ngome, tukafika steji ya tatu, ile ya maporomoko. Pale skrini inapanda juu pamoja na anayetangulia, na aliyebaki chini anakufa kwa kuachwa tu, bila hata kuguswa na risasi. Mwaka 1995 nilikuwa nikilia kwa ajili ya steji hiyo, nikimshitaki kwa mama kwamba ananiua makusudi, naye akiapa kwamba haoni nyuma.

Nilikuwa bado natafuta jiwe la kurukia. Dada akaruka mara mbili, skrini ikapanda, nikafa.

"Sikukuona mdogo wangu," akasema, huku anaendelea kupanda.