Mwisho wa reli, lakini kwa nani?

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: je, ni jiografia iliyoamua mikoa ipi ya Tanganyika iendelezwe enzi za ukoloni na ipi iachwe nyuma, na je, athari zake bado zipo? Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, nyumbani ni Mwanga, na toka utotoni nasikia mji wetu ukiitwa "mwisho wa reli". Jibu langu ni kwamba Ziwa Tanganyika, milima na mito vilikuwepo tu. Mwenye chombo na mwenye amri ndiye aliyeamua vimfae nani.

Tazameni Ujiji. Kabla ya reli, mji ulikuwa Ujiji, si Kigoma. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Tabora ikafikia pale, kwa sababu mtumbwi na jahazi havihitaji kina kirefu, vinahitaji mchanga wa kuvutwa juu yake. Pembe, mawese na chumvi ya Uvinza vilibadilishana mikono kwenye ufuko ule, na pia, hili lisifichwe, watu waliotekwa Manyema ng'ambo ya ziwa. Kisha ziwa lenyewe likageuka. Mwishoni mwa miaka ya 1870 maji yaliyokuwa yamejaa yalivunja kizuizi cha matope na magugu kwenye Mto Lukuga, upande wa Kongo, yakaanza kutoka. Kabla karne haijaisha kina kilikuwa kimeshuka karibu mita 10. Kwenye ufuko wa tambarare kama wa Ujiji, mita 10 za maji ni mwendo mrefu wa nchi kavu. Nendeni kwenye mnara wa pale Livingstone na Stanley walipokutana mwaka 1871. Ukiwa umesimama chini ya miembe unaambiwa hapa palikuwa pwani, nawe unatazama huku na huku ukitafuta maji.

Wajerumani wao walikuja na mawazo ya meli za chuma, na meli ya chuma hutaka kina na kinga ya upepo. Kilomita chache tu kaskazini ya Ujiji ipo ghuba ya Kigoma, imezungukwa na vilima, maji yake marefu na matulivu. Reli waliyoanza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora 1912, na mwanzoni mwa 1914 ikafika kwenye ghuba hiyo. Ujiji, mji wenye misikiti, soko na jina lililojulikana hadi Unguja, ukawekwa kando. Ghuba ya Kigoma ilikuwapo miaka yote ile, na hakuna aliyeijali mpaka alipokuja mtu mwenye meli inayoihitaji.

Meli yenyewe mnaijua. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande na kupakiwa kwenye makasha 5,000, ikaletwa kwa reli na kuunganishwa hapa Kigoma. Ikateremshwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili adui asiipate, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Watu huisimulia kama ajabu ya ufundi, na kweli ni ajabu. Ila meli ile haikuja kwa ajili ya biashara ya Muha, mwenyeji wa mkoa huu, kule milimani. Ilikuja kulitawala ziwa, ili anayelishika ziwa awe na mlango wa Kongo.

Na mlango huo uligombewa. Mwaka 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo liliiteka Kigoma, na Septemba likaingia Tabora. Baada ya vita Ubelgiji na Uingereza zilikaa mezani 1919 wakagawana: Rwanda na Burundi kwa Mbelgiji, Tanganyika kwa Mwingereza. Wabelgiji walibaki Kigoma hadi 1921, na hata walipoondoka walijiwekea eneo lao bandarini, hapa na Dar es Salaam, mizigo ya Kongo na Burundi ipite bila kusumbuliwa. Kwao Kigoma haikuwa mwisho wa kitu chochote. Ilikuwa njia ya kutokea baharini. Lakini mkata mpaka huyo huyo ndiye aliyemtenganisha Muha na Mrundi, watu wanaoelewana lugha bila mkalimani, waliokuwa chini ya koloni moja la Kijerumani miaka michache nyuma.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Mara nyingi husemwa kuwa Kigoma ilibaki nyuma kwa kuwa iko mbali na haina zao. Babu yangu alizaliwa Kalinzi, juu milimani, kwenye baridi na mvua ya kutosha. Leo Kalinzi inalima kahawa, tena nzuri. Udongo ni ule ule aliouacha babu alipokwenda Tanga kukata mkonge.

Alikwenda kwa sababu ya kodi. Serikali ya Mwingereza ilidai kodi kwa fedha taslimu, na mkoa wetu ulihesabiwa kuwa akiba ya vibarua, si mkoa wa mazao. Wenzetu wa Kilimanjaro walikuwa na reli iliyofika Moshi kutoka Tanga kabla ya vita vya kwanza, na kufikia 1933 walikuwa na chama chao cha ushirika cha kahawa, KNCU. Mwanza ilipata tawi lake la reli kutoka Tabora mwaka 1928 na ilikuwa na pamba ya kujaza mabehewa. Sisi mabehewa yetu yalijazwa watu. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mtu alipewa namba.

Kipande cha babu bibi alikitunza kwenye kopo la majani ya chai. Ni kadi ngumu, imebadilika rangi, ina visanduku 30, kila kimoja siku moja ya kazi. Usipokamilisha 30, hulipwi mwezi. Kwenye kadi ile vimewekwa alama 23, saba ni vitupu. Bibi alisema wakati ule babu alikuwa mgonjwa wa tumbo, na siku za ugonjwa haziandikwi. Yeye huku alilima peke yake misimu mitatu ya maharage. Nikisikia mtu anasema mikoa mingine iliendelea kwa bidii yake, naikumbuka kadi hiyo. Tanga ilijengwa kwa mikono iliyotoka Kasulu, Kibondo na Kalinzi, na malipo mengine tuliyorudishiwa ni dharau: kwa miaka mingi "Muha" lilikuwa neno la kumcheka mtu huko pwani.

Babu alisimulia pia kuwa treni iliwashusha Morogoro, wakapandishwa malori hadi Korogwe. Nilidhani ni ubahili wa mwajiri, kumbe hapakuwa na njia nyingine. Reli ya Kati na reli ya Tanga ziliishi nchi moja zaidi ya nusu karne bila kukutana. Kila moja ilishuka kwenye bandari yake na mali yake. Kipande cha kuziunganisha kutoka Ruvu kilijengwa 1963, tukiwa tumeshajitawala. Hapo hapakuwa na mlima wa kusingiziwa.

Tabora nayo ina hoja yake, nitaigusa tu. Njia panda ile, ya kwenda ziwani na ya kwenda kaskazini, ilitengenezwa na miguu ya wapagazi wa Kinyamwezi kabla ya reli. Reli ikafuata nyayo zao na papo hapo ikaua kazi yao. Mji ulipata karakana na shule maarufu, vijiji vya pembeni vikabaki kutazama moshi ukipita.

Kuhusu sehemu ya pili ya swali: ndiyo, athari hizo bado tunaziona, ila kitu kimoja kinabadilika. Mkataba wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022, na upo mpango wa tawi kutoka Uvinza kuingia Burundi hadi Musongati. Likikamilika, litavuka mpaka ule ule uliochorwa baada ya 1919. Ombi langu kwa wahusika ni dogo: barabara za kutoka Kalinzi, Manyovu na Kasulu kushuka stesheni zipewe uzito sawa na reli yenyewe, na stesheni ziwe na maghala ya kahawa na maharage ya mkulima, si sehemu ya kupitishia makontena ya wengine tu. Shamba la babu sasa lina miche 400. Mwaka jana mvua iliharibu njia na gunia za mwisho tulizishusha kwa pikipiki, mbili mbili.