Jibu: Kwa nini mama kapewa letrozole na jirani tamoxifen

Pole kwa kuuguza, dada. Umeuliza kwa nini mama, miaka 63, kaandikiwa dawa ya letrozole pale hospitali ya Bugando, wakati jirani yenu wa Igoma mwenye 38 anameza tamoxifen, na wote ni saratani ya titi.

Mwanamke akishakoma hedhi, ovari huacha kutengeneza estrojeni, ile homoni ya kike, ila mwili hauishiwi kabisa. Kwenye mafuta, misuli, hata ndani ya uvimbe wenyewe, kuna kimeng'enya kiitwacho aromatase. Chenyewe huchukua androjeni (homoni za kiume, ambazo hata wanawake wanazo), nyingi zikitoka tezi za adrenali zilizo juu ya figo, na kuzigeuza estrojeni. Uvimbe wenye vipokezi vya estrojeni, yaani sehemu za seli ambazo homoni hiyo hujishika, hukua kwa estrojeni hiyo. Letrozole hukibana kimeng'enya hicho, ugeuzaji ukasimama.

Kwa jirani ovari bado zinafanya kazi. Ukizuia aromatase peke yake, ubongo huziamuru ziongeze bidii. Tamoxifen haigusi kimeng'enya, inakalia kipokezi ili estrojeni isijishike hapo.

Naomba sana uangalie karatasi ya majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe, palipoandikwa ER (vipokezi vya estrojeni). Ikisomeka hasi, muulizeni daktari mapema, maana dawa hizi hutegemea vipokezi hivyo.

Halafu letrozole huweza kuleta maumivu ya viungo: vidole kukakamaa asubuhi, magoti kuuma. Wapo wanaoacha dawa kimya kimya kwa sababu hiyo, na inaniuma mno. Mama aseme kliniki, asaidiwe. Mifupa nayo hupungua uimara kwa dawa hii, kwa hiyo aulizie kupimwa mifupa, na pia vitamini D. Dagaa wetu wanaoliwa na mifupa yao wana kalsiamu, apikiwe mara kwa mara.

Na wasiazimane vidonge na jirani, hata kliniki ikiishiwa.