Makala za samaki na wadudu: anza na yule ambaye msomaji amewahi kumshika

Mkuu, umeuliza kwa nini makala zako, hasa ile ya jongoo, watu huziacha aya ya pili ilhali umehakiki kila kitu. Makala yangu ya kwanza ilipatwa na hayohayo. Ilihusu furu, samaki wa Ziwa Victoria. Nilianza na familia yake, jina la Kilatini na idadi ya miiba ya pezi. Dada yangu, aliyekula furu tangu utoto hapa Mwanza, akaniuliza, "Huyu ni samaki gani?"

Nikaenda mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, alfajiri. Mama mmoja aliyekuwa akichambua furu alimpanua mmoja mdomo, vikamwagika vitoto. "Hawa wanalelea mdomoni," akasema, akaendelea na kazi yake.

Makala ikaanzia hapo. Jike huokota mayai yake na kuyatunza kinywani. Hata vitoto vikishaanza kuogelea, hatari ikitokea hurudi mlemle. Msomaji akishamwona jike huyo, ndipo umwambie kwamba jina furu limebeba spishi zaidi ya 500 katika Ziwa Victoria. Kwamba sangara, aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960, aliwafyeka wengi miaka ya 1980. Na kwamba maji yakivurugika jike hatofautishi vizuri rangi za madume, hivyo spishi zilizokuwa zimejitenga huanza kuchanganyika. Sasa ile 500 inamuuma.

Majina yananisumbua mpaka leo. Senene huitwa panzi tu, lakini mtazame vipapasio: ni virefu kuliko mwili wake, na masikio yake yako kwenye miguu ya mbele, tofauti na panzi wa kawaida. Kumbikumbi ni mchwa wenye mabawa, na mchwa ni ndugu wa mende, si wa sisimizi. Watu wakisoma hilo hawalali, wanabishana!

Ila usimkaripie anayemwita buibui mdudu. Kwa Kiswahili neno mdudu ni pana, na halikutungwa maabara. Eleza mara moja kwamba wadudu wa kisayansi wana miguu sita, buibui minane, kisha songa mbele.

Jongoo wako mwanzishe na mtoto anayemgusa kwa kijiti, naye akajikunja. Habari ya jozi mbili za miguu kwa karibu kila pingili ije baadaye. Ukishaiandika upya, bandika hapa aya ya kwanza, nitaisoma leo usiku.