Ugonjwa wa Takayasu: presha ipimwe mikono yote miwili

Nina miaka 24. Nesi alikosa mapigo kwenye mkono wangu wa kushoto, akasema mashine ni mbovu. Niachane nayo?

Usiachane nayo, dada. Rudi, uombe upimwe presha mikono yote miwili. Tofauti ya zaidi ya milimita 10 za zebaki inataka maelezo, na daktari akiweka kipimio chake cha kusikilizia shingoni au juu ya mtulinga anaweza kusikia mvumo wa damu inayopita mahali palipobanwa. Huenda ni ugonjwa wa Takayasu, ambao hushambulia aota, mshipa mkuu utokao moyoni, na matawi yake. Ukuta huvimba, hunenepa, njia ya damu inabaki nyembamba. Tawi la mkono likibanwa, mapigo hufifia na mkono huchoka hata kwa kuchana nywele. Daktari wa macho wa Japani, Mikito Takayasu, aliueleza mwaka 1908 baada ya kuona mishipa isiyo ya kawaida machoni mwa mwanamke wa miaka 21. Hadi leo wagonjwa wengi ni wanawake walio chini ya miaka 40.

Mdogo wangu mwenye Takayasu alipinda mdomo na kushindwa kusema kwa dakika chache, kisha akawa sawa. Tusubiri kliniki?

Hapana! Mpelekeni hospitali leo hii. Mishipa ya shingo inayolisha ubongo ikibanwa, au bonge la damu likikwama, hicho ni kiharusi, na kile cha dakika chache mara nyingi hutangulia kikubwa. Dalili zikirudi, mkimbizeni bila kungoja zipungue: dawa ya kuyeyusha bonge, kwa anayefaa kuipata, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu zianze. Inaniuma sana msichana akiambiwa ni mawazo tu kwa sababu ya umri wake.

Mwulizeni daktari pia kuhusu presha yake halisi. Mishipa ya figo ikibanwa, presha hupanda sana. Lakini ikiwa mishipa ya mikono yote miwili nayo imebanwa, mashine itaonyesha namba nzuri huku ubongo na moyo vikiumizwa. Hapo presha hupimwa miguuni.

Moyo unaingiaje?

Aota ikitanuka pale inapoanzia, vali yake haifungi sawasawa. Damu hurudi, moyo hulemewa na kuchoka. Midomo ya mishipa inayoulisha moyo nayo huweza kubanwa, na binti wa miaka ishirini na kitu akapata mshtuko wa moyo. Kukosa pumzi ukilala chali, au kifua kubana ukipanda ngazi, kusingoje miadi.

Vipimo vya damu ni safi. Niache prednisoloni, dawa yangu ya kutuliza uvimbe wa mishipa? Uso umenivimba.

Usiikate ghafla, mwili umeshaizoea na unaweza kuanguka vibaya. Daktari huipunguza kidogo kidogo, akiongeza dawa kama methotreksati au azathioprini. Tena damu huweza kuwa safi huku ukuta wa mshipa ukiendelea kuvimba, ndiyo maana picha za mishipa hurudiwa.

Nitazaa?

Wengi huzaa. Panga kwanza: ugonjwa uwe umetulia, presha imeshikwa, methotreksati imeachwa mapema kwa ushauri wa daktari. Kifafa cha mimba huwapata zaidi wenye ugonjwa huu, kwa hiyo kliniki ya mimba ijue mapema ni mkono upi, au mguu upi, unaotoa presha ya kweli.