Maswali yenu ya baada ya Pasaka: kulia msibani, majivu, ziwa, na bibi aliyewekwa chini

Tangu Pasaka meseji zimekuwa nyingi kuliko nilivyotegemea na karibu zote zimetoka kwa watu waliozika. Nimechukua sita, nimezifupisha na majina nimeyaficha. Kwa wageni, mimi ni mwinjilisti wa Kanisa la Moravian huku Mbeya, sio msomi mkubwa wa teolojia, najibu kwa Biblia na kwa niliyoyaona nikisimama na watu makaburini.

Bwana Yesu asifiwe mtumishi. Tulimzika mama mwezi wa pili. Mhubiri akasema pale pale kwamba Mkristo wa kweli halii msibani, kulia ni kukosa imani. Tangu siku ile nalia bafuni nimefungulia maji wasinisikie. Nakosea?

Amina dada yangu, pole sana sana. Funga hayo maji, toka bafuni, lia. Soma Yohana 11 taratibu, Yesu anajua kabisa kwamba muda si mrefu Lazaro atatoka kaburini, tena ni yeye mwenyewe anayekwenda kumtoa, lakini alipomwona Mariamu analia na waliofuatana naye wanalia, na yeye akalia. Sasa huyo mhubiri alitaka Bwana naye aambiwe hana imani? Paulo naye hakuwaambia Wathesalonike msihuzunike halafu akaishia hapo, aliwaambia msihuzunike kama wale wasio na matumaini, sasa hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Na mauti Biblia inaiita adui, adui wa mwisho, 1 Wakorintho 15:26. Adui akikuchukulia mama lazima uumie, na huku unaamini kwamba huyo huyo adui ameshashindwa na siku yake inakuja. Kuna bibi mmoja nilimwona akimzika mwanawe, alilia mpaka akakaa chini kwenye udongo, pambio lilipoanza wenzake wakamshika mikono akainuka akaimba na machozi bado yanamtiririka mpaka kwenye kanga. Mi sikuona upungufu wowote wa imani pale, niliona imani yenyewe.

Shikamoo mwalimu. Baba alikuwa kwenye MV Bukoba, hakupatikana. Hatuna kaburi la kupalilia wala la kuweka shada. Sasa siku ya ufufuo atafufuliwa kutoka wapi?

Marahaba mwanangu. Swali lako nimekaa nalo siku mbili. Ile tarehe 21 Mei 1996 kila mtu mzima wa nchi hii anaikumbuka, meli ile ya Ziwa Victoria ilishakaribia Mwanza ikitokea Bukoba, watu mamia kwa mamia wakaondoka, na wengi wa waliopatikana wamelala pamoja kwenye makaburi ya Igoma, Mwanza. Wengine kama baba yako wakabaki na ziwa. Najua nyumba isiyo na kaburi inavyoteseka, kila mlango ukigongwa mtu anashtuka, labda ni yeye.

Nenda Ufunuo 20:13, imeandikwa "Bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake." Angalia kwamba bahari imetajwa ya kwanza, kabla hata ya Mauti na Kuzimu. Yohana aliandika akiwa kisiwani Patmo, maji pande zote, alijua kuna watu ambao ndugu zao hawakuwahi kupata hata nguo ya kuzika. Kwa hiyo baba yako hajasahauliwa kwenye hesabu, amewekewa mstari wake. Sisi hatujui yuko upande gani wa ziwa, aliyemuumba anajua, na Lazaro aliitwa kwa jina akatoka, baba naye ataitwa kwa jina. Kama inawasaidia, chagueni siku, mwende ufukweni na mchungaji wenu, msome andiko, muimbe, muweke maua majini. Msione kama mnaigiza mazishi.

Niko Nairobi. Shangazi aliacha wosia mwili wake uchomwe moto badala ya kuzikwa, ukoo umegawanyika, wazee wanasema aliyechomwa hafufuki. Kweli?

Hapana, sio kweli, na hofu hiyo ni ya zamani sana. Mwaka 177 kule Lyon, Ufaransa ya leo, watesi wa Wakristo walichoma miili ya mashahidi, yaani waliouawa kwa ajili ya imani, wakafagilia majivu mtoni Rhône, makusudi kabisa ili wale watu wasiwe na tumaini la kufufuka. Kanisa halikuogopa, likaendelea kuwakumbuka. Karibu na kwetu, Karoli Lwanga na wenzake, mashahidi wa Uganda, walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na kila mwaka maelfu ya watu wanakwenda pale, wengine kwa miguu kutoka hata nchi jirani. Nani atasema hao hawatafufuka kwa sababu walichomwa? Hata aliyezikwa vizuri kwenye jeneza la mninga baada ya miaka ni udongo, Mungu hatafuti mifupa iliyokamilika ndo aanze kazi.

Hapo hapo Kenya Askofu Mkuu mstaafu wa Anglikana, Manasses Kuria, alichomwa mwaka 2005 na watu walisema sana, na Profesa Wangari Maathai mwaka 2011 alichomwa pia, jeneza lake likiwa la mianzi, mafunjo na magugu maji kwa sababu hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Wakatoliki waliruhusiwa tangu 1963, ila 2016 Roma ikasisitiza majivu yahifadhiwe mahali patakatifu, yasitawanywe. Mimi binafsi nataka kuzikwa, napenda ile picha ya Paulo ya mwili kupandwa kama mbegu, lakini wosia wa shangazi heshimuni, na msiache jambo hili livunje ukoo.

Niko chuo, rafiki yangu anasema wanafunzi wa Yesu waliiba mwili wake wakatunga hadithi ya ufufuo. Nimjibu nini?

Mwambie hoja hiyo imo kwenye Biblia yenyewe, Mathayo 28:13, walinzi walipewa fedha waseme hivo hivo. Halafu muulize, kama ni hadithi ya kutunga, kwa nini watungaji wawape wanawake nafasi ya kwanza kaburini, wakati zama zile ushahidi wa mwanamke ulidharauliwa, tena Luka anakiri kwamba mitume wenyewe waliona ni upuzi? Paulo kwenye miaka ya 50 hivi, yaani kama miaka ishirini na kitu tu baada ya tukio, anaandika kwamba Bwana alionekana na ndugu zaidi ya 500 na wengi bado wapo hai, ni kama anasema nendeni mkawaulize. Na Yakobo, nduguye Bwana, ndugu za Yesu hawakuwa wanamwamini (Yohana 7:5), baadaye tunamkuta Yakobo ndo nguzo ya kanisa la Yerusalemu. Kitu gani kilimgeuza? Paulo anajibu, alimtokea. Usibishane kwa hasira lakini, mkaribishe msome wote wawili.

Kwa sasa marehemu yuko wapi, amelala au yuko na Yesu?

Ndugu zetu Wasabato wanasema amelala hajui kitu, sisi tunashika lile neno Yesu alilomwambia mwizi msalabani, leo hii utakuwa pamoja nami. Sitaligeuza kuwa vita. Wote tunakubaliana kwamba hiyo sio mwisho wa safari, mwisho ni mwili kufufuka, mwili wa kweli, maana Yesu alikula samaki mbele yao na makovu yake Tomaso aliyaona.

Mwanangu wa miaka 6 ameniuliza, bibi kawekwa chini, atapumuaje? Nikanyamaza.

Usinyamaze mama, mtoto akinyimwa jibu anajitungia lake la kutisha. Mwambie ukweli, bibi hapumui tena na haumwi tena, tumempanda. Mpe maharage matatu ayafukie kwenye kopo, amwagilie, asubiri, akikosa subira akachungulia mwache achungulie. Paulo alifundisha hivo hivo Wakorintho, kinachopandwa sio kile kitakachoota lakini ni chenyewe. Wamoravian wa kule Herrnhut, Ujerumani, makaburi yao waliyaita Shamba la Mungu, na mwaka 1732 vijana wao walikwenda huko Pasaka kabla jua halijachomoza wakaimba. Jambo hilo likaja mpaka kwetu na wamisionari waliofika Rungwe 1891.

Mwaka huu tulienda tena. Jumamosi tulifyeka, Jumapili saa kumi na moja alfajiri baridi kali, watu wamejifunga mablanketi, mishumaa inazimwa na upepo inawashwa tena, tarumbeta zikapigwa ukungu haujaondoka. Mchungaji akasema Bwana amefufuka, tukaitika amefufuka kweli kweli. Kuna mtoto alikuwa pembeni yangu, akainama kwenye kaburi la babu yake akarudia peke yake, kwa sauti ndogo, kama anamwambia babu, "amefufuka." Mwaka kesho mlete wako.